Boriti Hutangulia Ramani: Waashi wa Pemba na Somo la Usanifu Majengo

Mwanafunzi wa usanifu majengo, aingiapo darasani mwaka wa kwanza, iwe ni katika Chuo Kikuu cha Ardhi kilichopo Dar es Salaam au katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aghalabu hutiwa mikononi karatasi, penseli na rula kabla hajashika jiwe hata moja. Na kwa kuwa karatasi haina uzito, haivuji, wala hailiwi na mchwa kabla ya mtihani, huzoea mapema kudhani kuwa jengo huzaliwa katika mchoro, na kwamba kazi ya mawe, miti na saruji ni kuutii mchoro huo. Waashi wa kale wa kisiwa cha Pemba hawakuifuata njia hiyo. Magofu waliyoyaacha Ras Mkumbuu, Chwaka ya Tumbe na Pujini yanamdhihirishia mtu mwenye subira ya kuyapima kwamba swali lao la kwanza lilikuwa juu ya mti: boriti ndefu kuliko zote iwezayo kutolewa mikokoni ina urefu gani, na itachukua uzito kiasi gani kabla haijapinda? Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa ramani yao, na yaliyobaki, yaani upana wa vyumba, idadi ya nguzo, hata mahali pa kusimama maamuma, yalifuata nyuma yake.

Dari ya nyumba ya mawe katika mwambao wetu hufanywa kwa boriti za mikoko zilizopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vikatandazwa vipande bapa vya matumbawe, kisha ikamiminwa zege ya chokaa na kokoto, ikapigwapigwa kwa miti mfululizo hadi ishikamane na kuwa sakafu moja isiyopitisha maji. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno, na uzito wake wote huishia katika boriti. Sasa mwanafunzi achukue kalamu afanye hesabu: nguvu inayoipinda boriti iliyobeba mzigo sawasawa huongezeka kwa mraba wa urefu wake, na kule kulegea kwake katikati huongezeka kwa kipeo cha nne; hivyo boriti ya unene uleule ikitolewa mita 3 ikapelekwa mita 4, nguvu ya kuipinda huwa karibu mara 1.8 ya ile ya awali, na kulegea kwake huzidi mara 3. Hesabu hiyo waashi wa Ras Mkumbuu hawakuiandika popote, walakini waliijua kwa macho na kwa hasara za waliowatangulia, ndipo vyumba vya kale, kutoka Lamu hadi Kilwa, vikawa na urefu wautakao wenyewe lakini upana wake usipite sana mita 3.

Msikiti ndio uliowatia waashi hawa katika mtihani mgumu zaidi, maana jamaa husali kwa safu ndefu, na ukumbi mwembamba kama ujia hauwafai. Dawa yake ilikuwa nguzo, na katika misikiti mingi ya mwambao waliiweka safu moja tu ya nguzo katikati ya ukumbi, ikaugawa sehemu mbili ambazo boriti ziliweza kuzivuka. Matokeo yake nguzo zikawa sawia na mihrabu, zikimkinga imamu na macho ya baadhi ya wanaosali nyuma yake. Mwalimu wa chuoni angelipiga mstari mwekundu juu ya ramani ya namna hiyo, na angelikosea. Maamuma haimlazimu kumwona imamu, bali kuisikia takbiri na kuifuata safu iliyo mbele yake, ilhali dari isipokuwa na wa kuishika katikati huwaangukia imamu na maamuma pamoja. Waashi walipima baina ya mambo mawili, wakaacha lile lisiloharibu sala.

Kilwa walijaribu kuuvunja mpaka huo. Mwanzoni mwa karne ya 14, mji ulipokuwa na utajiri wa dhahabu ya Sofala, Msikiti Mkuu uliongezwa ukumbi mpana wenye makuba na matao, kazi iliyokuwa fahari ya zama zake. Paa lile likaja kuanguka, na ukumbi ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo nyingine zenye pembe nane. Kuba ni jibu sahihi kwa tatizo la boriti fupi, maana halihitaji mti, lakini husukuma kuta na nguzo kwa pembeni, nayo ni nguvu ambayo mjenzi aliyezoea mzigo unaoshuka wima haioni mpaka imekwisha kumtia hasara. Pemba haikuwa na dhahabu ya kupoteza katika majaribio hayo.

Tuje katika jiwe lenyewe, ambalo ni aina mbili, na ajabu ni kuwa wageni wengi huzitazama kama aina moja. Lipo tumbawe la nchi kavu, gumu, lenye mashimo na makali, lichimbwalo ardhini na kufaa kwa ukuta wa kujaza. Na lipo tumbawe la baharini, lile la jamii ya Porites, lenye vitundu vidogo vilivyosongamana kama sega la nyuki, ambalo hukatwa maji yakitoka, likiwa bado bichi na laini hata tezo huliingia. Jiwe hili la pili likiisha kukauka hewani huwa gumu, kwa hiyo fundi anao muda wa kulichonga, na muda huo una mwisho. Ukiinama mbele ya mwimo wa mlango au ukingo wa mihrabu ya kale utaziona alama za chombo zimelala upande mmoja, na pembe za jiwe ni kali, hazikumumunyuka kwa mvua za karne nyingi. Kazi hiyo haikufanywa juu ya jiwe kavu, bali lilichongwa likiwa bado na chumvi ya bahari.

Hapo pana historia ya ufundi ambayo ningependa ifundishwe kabla ya habari za Roma na Ugiriki. Katika majengo ya awali kabisa ya mawe, kama yale yaliyofukuliwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, ambako misikiti ya mawe ilikuja juu ya misingi ya misikiti ya miti na udongo, mawe ya baharini yalikatwa mraba yakapangwa kwa udongo. Yaani nguvu ya ukuta ilikuwa katika usahihi wa jiwe. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 14, ukuta ukawa wa vipande visivyochongwa vya nchi kavu vilivyozamishwa katika chokaa nyingi, na jiwe la baharini likabakizwa kwa miimo, matao na mihrabu tu. Hakika hayo ni mapinduzi: ustadi ulihama kutoka kwa mchonga mawe ukaenda kwa mchoma chokaa, na mji ulioweza kuchoma chokaa nyingi uliweza kujenga haraka, kwa vibarua wengi na mafundi wachache.

Na chokaa yenyewe ina masharti. Magogo hupangwa mviringo, yakaachiwa tundu la katikati la kupitishia moto, juu yake yakarundikwa matumbawe yaliyopondwa, kisha tanuu likawashwa likawaka usiku kucha. Katika joto la kiasi cha nyuzi 900 jiwe huitoa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake, likabaki jepesi, jeupe na lenye kiu. Likinyunyiziwa maji huchemka lenyewe na kuvunjika kuwa unga. Mafundi wenye hadhari huuacha unga huo ukakomaa kwa miezi kabla ya kuuchanganya na mchanga. Ukiisha kuwa ukutani huanza safari ya kurudi ulikotoka, ukiivuta hewa ya kaboni kutoka nje hadi uwe jiwe tena, na safari hiyo ni ya polepole sana katika ukuta wenye unene wa dhiraa moja. Ndiyo maana ukuta wa chokaa haupandishwi kwa siku moja: hunyanyuliwa kwa vina, kila kina kikaachwa kishike, na masika ikikaribia kazi husimamishwa na kichwa cha ukuta kikafunikwa. Ratiba ya ujenzi, ambayo leo twaichora kwa kompyuta kwa mistari ya rangi, ilikuwa imeandikwa ndani ya chokaa.

Msomaji asije akadhani kuwa Pemba yote ilikuwa ya mawe. Chwaka, mji uliokaliwa takriban baina ya karne ya 11 na ya 16, ulikuwa na misikiti ya mawe na makaburi ya mawe, lakini uchunguzi wa wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher umethibitisha kuwa wakazi wake wengi waliishi katika nyumba za udongo. Na kijiji cha Tumbe kilicho jirani, kilichokuwa na biashara ya ng'ambo tangu karne ya 7, kilikuwa cha udongo na makuti. Kwa muda mrefu wasomi walilichukulia jiwe kuwa ndiyo alama ya ustaarabu, na udongo kuwa ndio ufukara. Hoja hiyo haina mizani. Msafiri Ibn Battuta, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliikuta misikiti ya mbao, akaisifu kwa uimara. Na Pemba, kinyume cha sehemu kubwa ya Unguja, ni nchi ya vilima na udongo mzito, ule ule uliokuja kuistawisha mikarafuu. Mtu aliyeumbiwa udongo mzuri chini ya miguu yake hana haja ya kuvunja mwamba ili apate pa kulala.

Nyumba ya udongo, ikikaguliwa kwa jicho la mhandisi, haina kipande cha bure. Nguzo huchimbiwa, fito hufungwa ndani na nje kwa kamba za makumbi, katikati hushindiliwa mawe madogo na udongo, kisha ukuta hukandikwa. Adui ni maji, nayo huja kwa njia mbili, kutoka juu na kutoka chini; dhidi ya yale ya juu paa la makuti husimamishwa kwa mwinuko mkali, likateremshwa hadi karibu mtu ainame kuingia, ili michirizi idondoke mbali na ukuta; dhidi ya yale ya chini hujengwa baraza, ambayo sisi twaijua kwa mazungumzo na bao, lakini ambayo kwa fundi ni kiatu cha ukuta, kwa kuwa matone yarukayo kutoka ardhini huipiga baraza badala ya kuupiga ukuta. Baraza ikimomonyoka huzibwa kwa ndoo mbili za udongo, na nyumba ikaendelea. Laiti wanafunzi wangeonyeshwa hilo kabla ya kufundishwa kuchora baraza kama pambo.

Pujini ni kisa kingine. Ngome ile ya karne ya 15, inayonasibishwa na mtawala Mkama Ndume, ambaye hadithi humshutumu kuwa aliwabebesha watu mawe wakijikokota kwa makalio, ina boma la udongo lililoimarishwa kwa mawe, na chini ya ardhi mna chumba chenye sura ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Hapo udongo na jiwe havikushindana: udongo ulipewa kazi ya wingi, jiwe na chokaa vikapewa kazi ya heshima.

Mambo yaliharibika pale saruji ilipoletwa kama mrithi wa vyote. Sina ugomvi na saruji. Nyumba za maendeleo zilizojengwa Wete, Chake Chake na Mkoani baada ya Mapinduzi ya 1964 ziliwapa watu maji ya bomba na umeme ambavyo boriti haitoi. Ninalolilaumu ni kuipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa matumbawe hupumua, ukanyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini kisha ukautoa kwa jua. Ukivikwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya miaka michache plasta hubanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Fundi asiyejua huongeza saruji. Nimeuona ukuta uliokarabatiwa hivyo, kuna msimamizi mwenye shahada, na mzee wa kijiji aliyekuwa akichoma chokaa amekaa kando bila ya kuulizwa neno. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, somo hili limekwisha gharimu fedha nyingi.

Basi walimu wa fani hii, waliopo Unguja na waliopo bara, nawaomba wawalete wanafunzi wao Pemba kupima kabla ya kuwatuma kuchora. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuwa mwanaakiolojia, aliyapima magofu ya mwambao akatoa kitabu chake mwaka 1966, na michoro yake ingali mfano mwema wa kuigwa. Ruhusa huombwa katika Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Kwa Ras Mkumbuu njia nyepesi ni ya mashua, kutoka upande wa Chake Chake, maji yakiwa yamejaa. Wachukue futi kamba ndefu, timazi na daftari, na vipimo vya kwanza viwe vya upana wa ukumbi wa msikiti, kutoka ukuta hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi ukuta.