Wafungwa Wenye Maradhi ya Akili: Uhakiki wa Yanayosemwa Mimbarini

Katika mihadhara na vijitabu vyetu ipo habari moja isiyokosekana kila inapotajwa fakhari ya Uislamu katika utabibu. Nayo ni habari ya waziri Ali bin Isa wa Baghdad, mwanzoni mwa karne ya nne Hijria, aliyemwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, akimwamuru apange matabibu wa kuingia magerezani kila siku, wachukue dawa na vinywaji, na wamtibu kila mgonjwa watakayemkuta. Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a wameitaja, nasi hatuna shaka nayo. Tatizo letu ni yanayojengwa juu yake. Husemwa kwamba barua ile ni ushahidi kuwa Waislamu waliwapima wafungwa akili na kuwatibu miaka elfu moja kabla ya Wazungu. Msemaji akishasema hivyo hushuka mimbarini, msikilizaji hurudi nyumbani ameridhika, na mfungwa mwenye wazimu hubaki pale pale alipo.

Tunasema: barua haisemi hivyo. Inazungumzia maradhi kwa jumla, na wala haitaji wazimu. Mwenye kutaka kuitumia kwa jambo hili hana budi kupita njia ya qiyasi, na njia hiyo iko wazi kwa aliyeisoma barua kwa utulivu. Waziri alitaja illa ya amri yake: wafungwa ni wengi, mahali pao ni pagumu, kwa hiyo maradhi hayaepukiki, nao wamezuiliwa kutoka kujitafutia manufaa yao na kukutana na matabibu. Basi ikiwa aliyezuiliwa mwili peke yake anastahiki kufuatwa na tabibu, aliyezuiliwa mwili na akili anastahiki zaidi, kwa sababu huyu hata angefunguliwa mlango hajui kwamba anaumwa. Hii ndiyo inayoitwa qiyasi ya awlaa. Lakini qiyasi humwajibisha mwenye kuitoa. Si jambo la kujivunia tu.

Na tukitaja historia tuitaje yote. Ibn Jubayr alipopita Misri na Sham katika miaka ya 1183 na 1184 Miladia alizisifu bimaristani, yaani hospitali, kwa sifa kubwa. Hata hivyo alieleza kwamba ile ya Cairo ilikuwa na sehemu yenye vyumba vya madirisha ya chuma kwa ajili ya wenda wazimu, na kwamba wale wa Damascus walikuwa wamefungwa minyororo. Wahadhiri wetu husoma nusu ya kwanza. Vilevile ni nadra kumsikia mtu akimtaja Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), ambaye aliishi zama zile zile za Sinan. Yeye ndiye aliyeandika juu ya maradhi ya nafsi kwa kuyatenga na ya mwili, akaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Kwa mada yetu huyu ana faida kuliko barua ya waziri, wala hatujui kwa nini amesahauliwa hivyo.

Lakini asili ya jambo hili haiko Baghdad. Iko Madina. Maiz bin Malik (r.a.) alimjia Mtume (s.a.w.) kwa miguu yake mwenyewe akakiri zinaa. Hakushitakiwa na mtu, hakudai udhuru wowote, wala hakuwa na wakili. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama ana wazimu, kisha akatuma watu kwa jamaa zake kuuliza hali ya akili yake, na akauliza pia kama amelewa, mtu akasimama kumnusa kinywa. Ndugu msomaji, zingatia ni nani aliyeuliza. Mwenye hukumu ndiye aliyeuliza, na aliuliza zaidi ya mtu mmoja. Hakungoja Maiz ajitetee.

Cha pili ni kisa alichokipokea Abu Dawud cha mwanamke aliyezini zama za Sayyidna Umar (r.a.). Umar alishauriana na watu, akaamuru apigwe mawe, naye akawa anapelekwa. Sayyidna Ali (r.a.) akawakuta njiani akauliza kuna nini, akajibiwa kwamba huyu ni mwenda wazimu wa kabila fulani amezini. Akaamuru arejeshwe, kisha akamkumbusha Umar kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mwenda wazimu mpaka apate akili. Umar akamwachia huku akitoa takbiri. Madrasa zetu hukitumia kisa hiki kuthibitisha hukumu, na hukumu ni sahihi. Kinachopitwa ni kwamba waliomchukua walikuwa wanajua. Walimwita kwa jina la wazimu wake! Elimu ilikuwepo kwa watu wa njiani lakini haikuwa imefika kwa mwenye kuhukumu, na kama Ali asingepita, mwanamke yule angeuawa.

Basi hali iliyopo magerezani mwetu ndiyo hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kutoa darsa gerezani anajua kwamba wafungwa wenyewe humjua mwenzao asiyelala, anayezungumza na ukuta, anayeogopa chakula. Nyapara anamjua, na askari wa zamu anamjua pia. Katika gereza moja tuliuliza juu ya kijana aliyekuwa akikaa peke yake nyuma ya safu, tukaambiwa na wenzake watatu kwa pamoja kwamba huyo "alikuja hivyo hivyo". Maana yake ni kwamba alipita polisi, akapita mahakamani, akapokelewa na gereza, na kila aliyemwona alijua.

Sheria za nchi hazijanyamaza. Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kusimamisha kesi na kumpeleka mshitakiwa akachunguzwe akili, na ndiyo kazi ya Isanga, iliyo pamoja na hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kenya wanayo Mathari, Nairobi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela zinataka kila mfungwa aonwe na mtaalamu wa afya mapema baada ya kuingia, na zinataja dalili za msongo wa akili na hatari ya kujidhuru. Lakini sheria za jinai tulizorithi kwa Waingereza huanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu atasema: na fiqhi pia asili yake ni uzima. Ni kweli. Ila asili hiyo haikumzuia Mtume (s.a.w.) kuuliza, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaoifanya kanuni ya asili kuwa ruhusa ya kutouliza.

Wala tusidhani ni watu wachache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya tafiti za wafungwa 33,588 katika nchi 24, ulikuta karibu wanne katika kila mia wana maradhi makubwa ya akili, yale ya kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo na msingi. Wenye sonona, yaani huzuni iliyokuwa ugonjwa, walikuwa 10 katika kila wanaume 100, na 14 katika kila wanawake 100.

Wapo wanaopinga kwamba mlango huu ukifunguliwa kila mhalifu atajifanya mwenda wazimu. Pingamizi hili tumelisikia kwa watu wa elimu, nalo linatushangaza. Mwongo hujulikana kwa kuchunguzwa. Anayekataza uchunguzi hajamzuia mwongo ila amemwangamiza mkweli. Isitoshe, mafuqahaa wamepambanua wazimu wa kudumu na wazimu wa kuja na kuondoka, na huu wa pili ndio unaomdanganya hakimu, maana mtu huletwa siku aliyo mzima. Kumtazama mara moja siku ya kuingia hakutoshi.

Tena fiqhi haikuishia kwenye siku ya hukumu. Khalil katika Mukhtasari wake, kwenye mlango wa kufilisika, ametaja kwamba mdaiwa aliyefungwa akipotewa na akili hutolewa mpaka imrejee. Ni kweli kwamba pale ni deni na si jinai, na mwenye kuua hatufungui mlango akaenda zake. Lakini illa inafahamika: kifungo kinakusudiwa kumfunza aliyefungwa, na asiye na akili hafunzwi kitu. Kwa mhalifu wa hatari, kutolewa gerezani kutakuwa ni kupelekwa kwenye ulinzi wa matabibu.

Tunabakiwa na wenzetu wa mimbari wanaoingia magerezani, hasa Ramadhani, na tende na mawaidha. Mwenyezi Mungu awalipe. Hatukanushi ruqya wala hatukanushi kuwepo kwa majini. Tunachokikanusha ni kumwambia mgonjwa kwamba maradhi yake ni upungufu wa imani, au aache dawa kwa kuwa Qur'ani inatosha, ilhali Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaamuru waja wa Mwenyezi Mungu watafute tiba. Mwenye kuacha ghafla dawa za maradhi makubwa ya akili yuko katika hatari ya kurudiwa na ugonjwa, na akirudiwa gerezani huenda akapigwa au akatengwa peke yake kabla ya kuonwa na tabibu. Akiuliza habari ya funga, imamu asimjibu peke yake. Amuulize tabibu wa gereza kama dawa zaweza kupangwa daku na futari. Zisipowezekana, huyo ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Qur'ani.

Swali jingine linaloulizwa sana ni la aliyepona: je, alipe sala na funga za miezi aliyokuwa hana akili? Katika madhehebu yetu ya Shafii halipi, maadamu wazimu wake hakuusababisha mwenyewe kwa makosa. Mwenye wazimu wa kuja na kuondoka husali katika nyakati zake za uzima, na zilizompita katika wazimu hana deni nazo. Wafungwa wengi waliopona hawajaambiwa hivyo. Mmoja alituonyesha daftari aliloandika sala za miezi kumi na minne, akizilipa tano tano kila usiku.