Uzuri wa tahajia katika lugha za kubuni

Lugha usiyoijua, ukikutana nayo kitabuni, huanza kuijua kwa macho. Maana huijui, matamshi huyajui, lakini tayari umeipenda au umeikataa. Ndiyo maana nawaheshimu watunzi wa lugha za kubuni wanaoihangaikia tahajia sawa na sarufi.

Wa kwanza kwangu ni J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford. Alipoanza kuunda Quenya, lugha ya Maelfi wake, katika miaka ya 1910, jina lenyewe aliliandika Qenya, na herufi k ilijaa kila mahali. Riwaya yake kuu ilipotoka, 1954 na 1955, k nyingi zilikuwa zimegeuka c, na q imepata u yake, ili maandishi yafanane na Kilatini. K akawaachia zaidi watu wafupi wachimba migodi. Weka Celeborn, jina la Kielfi, kando ya Khazad-dûm ya hao wafupi: huhitaji kuambiwa kwamba hayo ni mataifa mawili. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, maana wasomaji wengi huisoma ile C kama s, na ilimbidi aeleze katika kiambatisho kwamba daima ni k. Naona gharama ilistahili.

Kisha kuna zile nukta mbili: Manwë, Eärendil. Hazibadilishi sauti hata kidogo. Zinamtahadharisha msomaji wa Kiingereza, aliyezoea kuimeza e ya mwisho na kuziunganisha e na a. Sisi wa Kiswahili hutamka kila irabu, kwa hiyo hatuzihitaji. Lakini hebu zifute: Manwe, Earendil. Yanasomeka vizuri tu, ila yamepwaya.

Zamenhof, aliyetoa Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887, alizivika herufi kofia: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ. Wapo waliozichukia, na Kiido, mageuzi yake ya 1907, kikazivua. Mimi nazipenda, kwa sababu kila herufi ina sauti moja na hakuna kofia iliyokaa bure. Ukiona ŝ unajua papo hapo kuwa ni ndugu wa s.

Kiklingoni, alichokiunda Marc Okrand kwa ajili ya filamu, hakitafuti ulaini. Katika tlhIngan, herufi kubwa imesimama katikati ya neno, na q ni sauti moja, Q nyingine. Herufi hizo ziliwakumbusha waigizaji wa filamu mahali ambapo matamshi yanaachana na Kiingereza, na ukali wake unawafaa mashujaa wanaokisema.

Kinachoniudhi ni ritifaa zinazomwagwa ovyo ndani ya majina ya riwaya za njozi, zisizogusa sauti yoyote. Ritifaa ya ng'ombe ina kazi: inamtenga na ngoma. Mtunzi asiyeweza kusema alama yake inamsaidia msomaji gani, na aifute.