Gari Humaliziwa Kasulu

Toyota Probox liliingia sokoni Japani mwaka 2002. Huundwa na Daihatsu katika kiwanda chao cha Kyoto, na waliolibuni walimfikiria mtu wa mauzo anayezunguka mjini na sampuli zake, kwenye lami, akiegesha palipochorwa mistari. Injini ya lita 1.3 au 1.5, magurudumu madogo, kiti cha nyuma kinacholala ili mzigo upite. Kyoto walipofunga boneti walijua kazi imekwisha. Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hawaamini. Huku Probox ni mchomoko: linabeba watu kuliko viti vyake, na magunia ya maharage pamoja nao, kwa hiyo kabla halijapakia abiria wa kwanza linapelekwa gereji likamaliziwe kuundwa.

Kazi yenyewe huitwa kuinua gari. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni nguvu tu. Jeki inapanda, magogo yanaegemezwa, springi za nyuma zinatoka, spesa zinaingia, shokapu zinabadilishwa kwa zilizo ndefu kidogo, na bamba la chuma linafungwa chini ya injini kuikinga sampu. Ujuzi uko katika kujua pa kuishia. Fundi akiinua mno, ekseli za mbele zinazunguka kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Viungio vyake vinaanza kugonga kila kona, na tairi zinalika upande mmoja. Akiinua kidogo mno, jiwe la kwanza linapasua sampu na oili yote inabaki barabarani. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi ya sentimita chache, na fundi hodari huipata bila kompyuta. Anakandamiza boneti kwa viganja, anaiachia, anatazama gari linavyonesa. Anarudi nyuma, anachuchumaa, anaangalia kama magurudumu yamesimama wima. Kisha anaita watu wanne wapande. Gari tupu, kwake, bado halijasema kitu.

Wapo watakaoiita kazi hii uchakachuaji. Wawaulize Wajerumani.

Huko Zuffenhausen, mjini Stuttgart, kiwanda cha Porsche na makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2009 vinatazamana, na familia husafiri na watoto kwenda kuona magari ya michezo yanavyozaliwa na yanavyozeeka. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilileta 911 SC mbili kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Wahandisi waliosifika kwa kulibana gari chini karibu na ardhi ili likamate kona walifanya nini kabla ya kuja? Waliliinua. Uwazi wa chini ukafika sentimita 28, na tumbo likawekewa kinga. Vic Preston Jr akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Aliyewatangulia wote, Jean-Pierre Nicolas, aliendesha Peugeot 504, toleo la kasi la gari ambalo Waafrika Mashariki wa umri fulani walilipanda kama teksi. Barabara zetu ndizo zilizotoa amri, na kiwanda kikatii. Fundi wa Kasulu anatii amri ileile, ila yeye hana maabara, wala hapigwi picha.

Joginder Singh, dereva wa Safari, angemwelewa fundi huyo haraka. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza spana katika gereji ya baba yake kabla ya kujulikana kwa usukani. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kuchoshwa na mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, mikononi mwa watu waliojua kila bolti ilipolegea, likawapita wenye magari mapya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, lakini ushindi wa ile Volvo ndio wa kusimulia gereji.

Familia inayotoka Kibondo kwenda harusini Kasulu nayo, kama zile za Stuttgart, hupitia kiwandani, ingawa hakuna aliyepanga. Njia inashuka kupita njiapanda ya Nduta, inafika Mvugwe, inapanda tena kuelekea Makere, na mahali fulani kitu kinaanza kugonga upande wa kulia. Wakifika mjini, dereva anakata kona kwenda kwa fundi kabla hata mabegi hayajashushwa. Watoto wanaamkia, "Shikamoo, fundi," naye anaitikia akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Itachukua muda gani, mwanangu?" anauliza mama, kitenge cha harusi begani.

"Dakika kumi, mama."

Mama anatafuta kivuli na kukaa, maana anazijua dakika za gereji. Watoto ndio wanaofaidi. Wanaona injini iliyofunguliwa ikaanikwa kwenye turubai, vipande vimepangwa kwa mfuatano ambao ni fundi peke yake anayeukumbuka. Wanaona bushi ikichongwa kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu. Wanamwona kijana anayejifunza, ambaye kazi yake ni kuosha vyuma kwa petroli na kutoa spana anapoitiwa namba: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Siku atakapotoa spana sahihi kabla hajaambiwa, kwa kutazama tu mkono wa fundi unaelekea wapi, ataruhusiwa kugusa breki. Miaka hii kijana kama huyo anaweza pia kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia mpango wa urasimishaji ujuzi na kupata cheti cha kazi aliyojifunzia chini ya mti. Ni mpango wa haki.

Kusifu kusifiche hatari. Gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona, na likijazwa kupita kiasi hata fundi bora hawezi kuliokoa. Mafundi wa kweli humwambia dereva hivyo waziwazi. Madereva husikiliza kwa muda.

Na sasa amri ya barabara imebadilika. Njia ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, takriban kilomita 260, imejengwa kwa lami kwa fedha zikiwemo za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Matope yaliyolaza magari njiani yanabaki kwenye njia za vijijini. Magari yanayoletwa gereji kwa springi iliyokatika yanapungua, yanayoletwa kwa breki zilizoisha yanaongezeka, kwa sababu dereva aliyezoea kunusurika sasa anakimbia. Waliozoea kuinua wanaanza kuulizwa kama wanaweza kushusha. Tangu 2018 Toyota inauza pia Probox la haibridi, lenye mota ya umeme pembeni ya injini, na kama ilivyo kawaida ya magari ya mtumba, litafika Kasulu likiwa limeshachoka kidogo. Vijana wenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kupitia simu tayari wanabishana na wakubwa wao nani atafungua betri ya haibridi hilo kwanza, na kwa glavu za aina gani.