Jiko la Itigi Bila Nyama, Maziwa wala Dagaa: Kazi Ifanyike Lini?

Familia ya Itigi inayoamua kula mimea tupu haianzi na jiko geni. Chakula cha kila siku cha Manyoni, na cha mkoa wa Singida kwa jumla, tangu hapo kimeegemea mimea: ugali wa mahindi, mtama au uwele, mlenda, majani ya kunde na ya maboga, choroko, karanga, mafuta ya alizeti. Nyama huja na mgeni, sikukuu au mshahara. Anayeacha kabisa, awe ameongozwa na imani, ushauri wa daktari au hali ya mfuko, anapoteza hasa vitu viwili: maziwa na dagaa.

Dagaa ndio pengo kubwa. Wamekuwa wakisafirishwa kutoka Kigoma kwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita hapa Itigi. Kwa mtu aliyetoka zamu au aliyefunga duka magharibi, hakuna mboga ya haraka kama hiyo. Kitunguu, nyanya, dagaa waliooshwa kwa maji ya moto, na ugali ukisongwa mboga iko tayari. Wakiondoka, mzigo wa protini unahamia kwa maharage, kunde na mbaazi, na hivi haviivi upesi namna hiyo. Kwa hiyo mpango wowote wa kupika mimea tupu katika nyumba yenye shughuli nyingi unasimama au kuanguka kwenye sufuria ya maharage. Mapishi hayatusumbui, tunayo mengi. Kinachotusumbua ni saa.

Tuanze basi na sufuria hiyo, kwa sababu Itigi ina ugumu wake. Mji uko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Nyuzi nne zinaonekana kidogo, lakini maharage yaleyale yanaiva upesi zaidi Dar es Salaam kuliko hapa, na kuongeza kuni hakusaidii. Sufuria ya kawaida haivuki joto la kuchemka, moto mkali unakausha maji tu.

Halafu kuna maji yenyewe. Ardhi ya Itigi ina jasi, na jasi ni chumvi ya kalsiamu. Maji yenye kalsiamu nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuifanya sabuni igome kutoa povu, huikaza punje. Ndani ya harage kuna pektini, kitu kinachozigandisha chembe zake pamoja. Harage linaiva pale pektini inapoyeyuka na chembe kuachana. Kalsiamu huibana pektini isiyeyuke. Maharage yaliyokaa stoo yenye joto tangu msimu uliopita yana tatizo la aina hiyohiyo, ndiyo maana mnunuzi mzoefu sokoni huuliza kwanza kama ni ya mwaka huu.

Dawa ya wenyeji ni magadi, na inafanya kazi kweli. Magadi yana sodiamu inayochukua nafasi ya kalsiamu, tena yanayafanya maji kuwa kinyume cha tindikali, hali inayoyeyusha pektini haraka. Gharama yake ni vitamini B1, ambayo huharibika kwenye maji ya namna hiyo. Nyumba inayokula maharage mara moja kwa wiki haina haja ya kuhofu. Nyumba ambayo maharage ndiyo nyama yake inapoteza kilekile inachokitafuta ndani yake.

Chumvi ya kawaida inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila hasara hiyo, mradi itumike mapema. Weka kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye lita mbili za maji, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, suuza, kisha bandika kwa maji mapya. Sodiamu inaingia kwenye ganda na kuifukuza kalsiamu, ganda linalainika bila kupasuka, na maji unayoyamwaga yanaondoka na sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka harage libonyee kwenye vidole. Tindikali ikitangulia, harage linaweza kukaa motoni mchana wote na bado likagoma.

Kuhusu moto, mwenye sufuria ya presha amelikwepa tatizo la kimo, kwa kuwa ndani yake joto linapanda hadi karibu nyuzi 115 na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya nusu saa. Jiko la presha la umeme ndilo ninalolipendekeza kwa nyumba yenye umeme. La wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kupumzika, linakula uniti moja tu, na kwa kawaida halibaki limewaka muda wote huo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa maoni yangu, kuvuka kutoka mkaa kungekuwa kwepesi zaidi kama vifaa hivi vingepatikana kwa malipo ya polepole, kwa sababu kinachowazuia wengi ni bei ya kukinunua chombo siku ya kwanza kuliko bei ya kukitumia.

Asiye na umeme anaweza kutumia kapu lililojazwa nyasi kavu au mablanketi. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika ishirini, sufuria ifunikwe vizuri na kuzikwa kapuni. Mtu akienda kazini asubuhi, anarudi yameiva au yamebakiza kidogo. Dakika zile za kuchemka kwa nguvu zisipunguzwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Mchemko kamili wa dakika kumi au zaidi unaivunja, lakini joto la uvuguvugu linaiacha palepale.

Sasa hesabu ya wiki. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva, yaani mboga ya jioni mbili kwa watu sita. Nyumba yenye friji ipike kilo mbili Jumapili na kugandisha nusu. Isiyo na friji ipike kilo moja, ichemshe tena asubuhi na jioni, na isivuke siku ya pili, kwa kuwa joto la Oktoba halina huruma na maharage huchacha upesi. Kwa hali yoyote yahifadhiwe matupu, bila kitunguu wala nyanya, kwanza kwa sababu yaliyoungwa huharibika mapema, pili kwa sababu maharage matupu yanakubali kugeuzwa. Jumatatu yaungwe kwa karanga za kusaga, Jumanne yapondwe na kukaangwa kwa mafuta ya alizeti na kitunguu chekundu cha Singida. Siku uliyosahau kuloweka, pika choroko. Hazihitaji kulowekwa na huiva kabla watoto hawajaanza kulalamika.

Mlenda ndio unaonifanya niamini kwamba jiko hili linawezekana. Mvua za hapa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na majani ya porini hujaa miezi hiyo kisha yakatoweka. Akina mama wa Kigogo huyakausha, wakayatwanga kuwa unga na kuyaweka hadi kiangazi. Wanyamwezi na Wasukuma huyachemsha kidogo majani ya kunde na kuyaanika, yakawa nsansa. Tazama jioni ya mwezi wa Septemba: maji yanachemka, nyanya moja imekatwa humo, chumvi, magadi kwa ncha ya kidole. Mpishi ananyunyiza unga wa mlenda huku akikoroga ili usifanye mabonge, mchuzi unaanza kuvuta, anatia karanga zilizotwangwa, anaonja, anaepua. Muda wote huo haufiki wa kukaanga dagaa. Kazi ya jioni hiyo ilishafanywa mwezi wa Machi, na mwanamke aliyeifanya hajawahi kuitwa mtaalamu wa kupanga chakula.

Uanikaji ufanyike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali linaharibu sehemu kubwa ya viini vya vitamini A vilivyo kwenye majani. Vitamini C huondoka karibu yote kwa vyovyote, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Basi mlenda mkavu uandamane na kitu cha kuirudisha: juisi ya ubuyu, embe la msimu, au ndimu iliyokamuliwa sahanini. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo kwa saa moja hivi, maana inazuia chuma.

Kwa watoto wadogo shida ni tumbo. Ni dogo, na uji mzito unalijaza kabla nguvu ya kutosha haijaingia. Kimea kinalitatua hilo. Nafaka iliyooteshwa ina kimeng'enya kinachokata wanga, hivyo kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo kinaulegeza bila kuongeza maji, kisha uji unachemshwa tena. Watafiti Mosha na Svanberg walilichunguza jambo hili kwa watoto wa kijiji cha Luganga na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990. Kimea kiwe cha ulezi. Mtama ukichipua hutengeneza ndani ya chipukizi kitu kinachotoa sianidi, na kuyapukutisha machipukizi yote ni kazi ya mwenye muda.

Kalsiamu ya maziwa na dagaa inaweza kuzibwa kwa mgagani, majani ya kunde na ufuta wa kusaga, vikiliwa kila siku. Vitamini B12 haizibwi na mmea wowote kwa uhakika. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubisho, B12 ikiwamo, kwenye unga unaosagwa viwandani, lakini mashine ya mtaani inasaga mahindi yako kama yalivyo. Kwa familia isiyogusa kabisa chakula cha wanyama, kidonge cha B12 ni sehemu ya bajeti kama chumvi, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha nalisema kwa msisitizo wote. Upungufu wake kwa mtoto unagusa ubongo, na madhara mengine hayarudi nyuma.

Limebaki suala la karanga, kwa sababu jiko hili linazitumia karibu kila siku na hivyo linajiongezea hatari ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa. Haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Kinga inaanza shambani na kwenye uanikaji: karanga zikaushwe juu ya turubai, zisirundikwe zikiwa na unyevu, zitunzwe na maganda yake mpaka siku ya kutumika. Jumapili, wakati maharage yako motoni, baba na watoto wakae na ungo wazichambue, kwa kuwa si haki kazi yote ya wiki imwangukie mama. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitengwe na kufukiwa. Wasipewe hata kuku, kwa sababu nao inawaua.