Mwalimu wa Kwaya Mlimani

Kule Mamba, katika milima ya Upare, Wasabato waliweka misheni tangu 1903, na uimbaji wa sauti nne umeota mizizi kama tangawizi. Mwenye kuutunza ni mwalimu wa kwaya. Jioni, akitoka shambani, anaandika solfa ubaoni na kufundisha sauti moja moja. Sauti ya tenor ndiyo humtoa jasho, maana wanaume wengi hukimbilia besi. Pasipo kinanda, mlio wa kwanza hutoka kooni mwake: akiupandisha mno, soprano watakwama ubeti wa pili. Ibadani huwapa waumini mgongo, sura hawaioni. Penye msiba huitwa mapema, hata kukinyesha. Walimu wengi wa kwaya hawalipwi. Na soprano aliyemnoa kwa miaka akiolewa Same mjini, mwalimu huanza upya na binti mwingine.