Ramani Iliyopimwa kwa Mnyororo

Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, jeshi la Uingereza liliitawala Scotland ya milimani bila kuwa na ramani ya kutegemewa. Mwaka 1747 David Watson, mhandisi wa jeshi, akaanzisha upimaji kutokea Fort Augustus. Kazi yenyewe alimkabidhi William Roy, kijana wa Lanarkshire ambaye bado hakuwa ofisa wa jeshi.

Baadaye vikosi vya wapimaji viliongezeka hadi sita, kila kimoja na askari wachache. Mmoja alibeba chombo cha kupimia pembe, wawili walivuta mnyororo wa futi 50 hivi, wengine wakasimama mbele na nyuma kuonyesha vituo. Walifuata barabara na mito: wanasoma pembe, wananyoosha mnyororo, wanaandika, wanasogea. Kilichokuwa mbali na njia hiyo, vilele vya milima hasa, kilichorwa kwa kukadiria kwa macho.

Hapo ndipo penye ubora na udhaifu wa ramani hii. Kila kituo kilitegemea kilichotangulia. Ukikosea pembe kwa digrii 1 tu, baada ya kilomita moja umeshapotoka mita 17 hivi, na kosa hilo unaendelea nalo. Hapakuwa na mtandao wa pembetatu nchi nzima wa kulisahihisha, wala vituo havikufungwa kwa latitudo na longitudo. Kwa hiyo mimi huiamini kando ya barabara, na huitilia shaka mlimani.

Majira ya baridi wapimaji walirudi Edinburgh kuchora, kwa skeli ya inchi moja kwa yadi 1,000. Majengo yalitiwa rangi nyekundu, misitu kijani, mashamba manjano. Miteremko ikapakwa kwa brashi. Paul Sandby, msanii hodari, alikuwa miongoni mwa wachoraji. Thamani ya ramani hii kwangu ni hayo mashamba: yanaonyesha mabonde yaliyokuwa na watu kabla hawajaondolewa kupisha kondoo.

Mwaka 1755, vita na Ufaransa viliponukia, wapimaji waliitwa kwingine, na nakala safi ya sehemu ya kusini haikukamilika. Roy mwenyewe alikiri baadaye kwamba ule ulikuwa mchoro wa kijeshi kuliko ramani sahihi. Mwaka 1784, huko Hounslow Heath karibu na London, aligeuza utaratibu: akapima mstari mmoja tu kwa uangalifu mkubwa, zaidi ya futi 27,400, kisha umbali uliobaki ukakokotolewa kwa pembe za pembetatu.