Jiwe na Shajara: Uhakiki wa Nasaba za Washirazi wa Unguja

Tafiti nyingi za nasaba za Washirazi wa Unguja huanzia Shiraz na kuteremka, kizazi baada ya kizazi, hadi kwa Mwinyi Mkuu wa Dunga. Njia hiyo huanzia pale ambapo ushahidi ni hafifu kuliko pote.

Ushahidi wa maandishi ulio mkongwe zaidi kisiwani umo katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani: maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijiria, yaani 1107 Miladia. Yanamtaja aliyeamuru ujenzi, Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Baada ya majina hayo matatu mnyororo unakatika, na neno Shiraz halimo. Wanaomwita Musa mfalme wa Kishirazi wameliazima jina hilo kwingine, aghalabu Kilwa.

Habari za Kilwa nazo zahitaji tahadhari. João de Barros alizichapisha kwa Kireno mwaka 1552; matini ya Kiarabu, iliyochapishwa na Strong mwaka 1895, yatokana na nakala ya karne ya 19 ambayo John Kirk aliipata kwa Sayyid Barghash, Unguja. Kwa Barros, Ali ni mwana wa mama Mhabeshi, aliyedharauliwa na nduguze akaondoka. Matini ya Kiarabu humleta baba mwenyewe pamoja na wanawe sita, katika majahazi saba. Mtafiti anayezichanganya simulizi hizi ili apate nasaba moja kamili huuficha mgongano uliostahili kuchunguzwa. Ni kweli kwamba sarafu za Ali bin al-Hasan zimepatikana, na hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa mwaka 1984, imemrudisha nyuma hadi karne ya 11. Hata hivyo, sarafu hizo hazisemi alitoka wapi.

Hesabu nayo ina hukumu yake. Tangu jiwe la Kizimkazi hadi kifo cha Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed mwaka 1865 ni miaka 758. Kizazi kikikadiriwa kuwa miaka 25 hadi 30, shajara yapaswa kuwa na majina yapatayo 25 hadi 30. Yenye majina kumi imefupishwa, na aliyeifupisha alikuwa na sababu. Tena Mwinyi Mkuu huyo alijinasibisha kwa nisba ya al-Alawi, ambayo katika mwambao huu kwa kawaida huelekeza kwa masharifu wa Hadhramaut, si kwa Waajemi. Wachache wamelitilia maanani jambo hili, ingawa nisba hiyo imo katika jina lenyewe.

Uzembe huu si wa kitaaluma pekee. Mwaka 1957 neno Shirazi liliingia katika jina la chama cha siasa, Afro-Shirazi, na tangu hapo kila shajara imesomwa kama hoja ya nani mwenyeji na nani mgeni. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha nasaba za kiume za Kiajemi katika makaburi kadhaa ya mwambao, zikiwa zimechanganyika na nasaba za kike za Kiafrika kuanzia takriban mwaka 1000. Mifupa hiyo haikutaja jina la mtu yeyote, na shajara za Unguja, zinazohesabu baba kwa baba, hazikuwataja akina mama hao.